Huyu mwenye liboti la chuma atatumaliza, na kile kikombe chake!

Wakuu, salamu baadaye, naandika nikiwa na mchele kwenye nywele.

Mnamjua. Simtaji. Lile liboti la kijani lenye ndoo za maua juu, linalopita Grand Union, mfereji wetu wa boti huku Uingereza, kana kwamba alichimba babu yake.

Nimefunga boti ninayoishi hapa Weedon ukingoni, kigingi mbele, kigingi nyuma, pilau imeshaiva, nafunika tu. Mara ngurumo ya injini yake. Sijatoa hata kichwa, maji yote ya pembeni yakanyonywa, boti ikaenda mbele, ikarudi nyuma, kigingi kikachomoka na udongo wake, sufuria ikaruka. Pilau yote chini! Natoka na mwiko, "Taratibu wewe!" Yeye kasimama kule nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine una kikombe cha chai. Akaniinulia kikombe. Ananisalimia! Chai haikumwagika hata tone.

Angenitukana ningeelewa.

Mwendo mwisho ni maili 4 kwa saa, na penye boti zilizofungwa unapunguza zaidi. Hata bata wa Braunston wanajua. Boti yangu ya faiba, nyepesi, yeye ana tani zaidi ya 10 za chuma, anapita nayo kama ana mgonjwa ndani. Halafu anainua kikombe! Kaseti ya choo, lile tangi la uchafu, nayo ililala ubavu, hiyo siielezi, kuna watu wanakula.

Mke wangu anasema achana naye. Niachane naye vipi, nikifumba macho nakiona? Cheupe, kina picha ya mbwa.

Bahari_Kavu: Pilau ya ng'ombe au ya kuku mkuu? Tusiende mbali kabla hujajibu hili.

Mtoto wa Loki: Huyo huyo! Mimi alinivulia kofia. Shukuru wewe umepata kikombe.

Chuma_Tupu: Nani alikutuma uishi kwenye kopo la mtindi? Na kamba za mshazari huna? Ungezifunga, boti isingeenda mbele wala nyuma. Unalaumu watu na kamba hujui.

Mkazi wa Majini (mwenye uzi): Kamba za mshazari zitanirudishia pilau? ALIINUA KIKOMBE!

Dada Kaseti: Kikombe afadhali. Jirani yangu anawasha injini saa 4 usiku kuchaji betri. Si tumeambiwa saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi iwe kimya? Nikimgongea anasema niingie tuangalie mpira.

Mtoto wa Loki: Huyo siku 14 za kukaa sehemu moja hazijamwishia? Kama hana maegesho ya kudumu alitakiwa awe ameshahama.

Dada Kaseti: Anahama. Anasogea mpaka mti wa pili, akitosheka anarudi.

Chuma_Tupu: Hao wote nafuu. Jana napanda Hatton, loki 21 (vile vyumba vya maji vyenye milango, vya kupandisha boti), aliyenitangulia kaacha milango ya juu wazi kila loki. Nashuka, nafunga, nageuza hendeli, namwaga maji yashuke usawa wangu, ndiyo niingie. Mara 21! Mgongo sio wangu tena.

Bahari_Kavu: Ulipanda peke yako? Mshamba wewe. Mimi ndani ya handaki la Blisworth, karibu kilomita 3 za giza, nakutana na mtu kafunga taa ya uwanja wa mpira. Kaninyooshea machoni mwanzo mwisho. Nimetokea upande wa pili najisalimia na ukuta.

Mkazi wa Majini: Jamani, mada ni kikombe.

Chuma_Tupu: Mada ni kamba.

Bahari_Kavu: Na lile la nyama hajajibu.

Dada Kaseti: Nani yuko Stoke Bruerne saa hizi? Bomba la maji linatoka?

Mtoto wa Loki: Linatoka kiunyonge. Niko foleni tangu asubuhi. Wa mbele yangu anajaza tangi na huku mashine ya kufulia inazunguka.

Dada Kaseti: MASHINE YA KUFULIA? Huyo mfungulie uzi wake.