MJADALA: Kijana mwenye ADHD (shida ya umakini na kutotulia) kupewa kozi ya kutuliza akili mtandaoni, ni msaada au ni kumtupia simu?

Mleta mada: Wakubwa shikamooni, wengine poleni na baridi. Mpwa wangu yuko chuo hapa Mbeya, sapu hazimwishi. Amepimwa, ana ADHD. Mshauri wa wanafunzi anataka aanze kozi ya mtandaoni ya wiki 8: kila jioni video ya nusu saa, unafuata pumzi, akili ikizurura unairudisha. Napinga. Siyo mazoezi yenyewe, napinga kumwachia ajisimamie. Huyu nguo akiloweka anazisahau mpaka zinanuka! Halafu kwenye simu hiyohiyo yenye TikTok?

Baridi ya Uyole: Magonjwa ya mjini hayo. Mleteni huku apalilie viazi, atatulia.

Nesi Mstaafu: Mzee wangu, hata huko kwenye viazi wapo, ila hawapimwi. Wakiwa wadogo mnawaita watundu, wakikua wazembe. Kigezo cha kumpima mtu mzima kinataka dalili ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12, kwa hiyo usiisingizie simu. Tuje kwenye kozi. Jaribio moja la mwanzo la mazoezi haya kwa wenye ADHD lilifanyika California, likachapishwa 2008: watu wazima 24 na vijana 8, wiki 8. Wengi waliomaliza walisema dalili zimepungua, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha. Na walikuwa wanakutana ana kwa ana kila wiki, mazoezi ya nyumbani yakianza na dakika 5. Hiyo nusu saa mshauri kaitoa wapi?

Mlokole wa Mwanjelwa: Kufuata pumzi si dini za Asia hizo?

Mleta mada: Chimbuko ni Ubudha, kweli. Ila mwanasayansi Kabat-Zinn alipoyaingiza hospitalini kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, ibada aliiacha nje. Tuendelee.

Kijana wa Iyunga: Shikamoo mleta mada. Mimi ninayo hiyo ADHD. Unaongea kirahisi kwa sababu hujawahi kuonwa na jirani ukiingia kliniki ya akili. Mtandaoni hakuna anayeniona. Video niliziacha njiani, sikatai, bando lilikata na bumu halijatoka. Kilichonishika ni rafiki yangu: asubuhi tunapigiana, dakika tano kimya, kila mtu na pumzi yake, halafu kila mmoja anataja kazi moja atakayoimaliza siku hiyo. Asipopiga, sifanyi. Na dawa naendelea nazo.

Mleta mada: Sasa mdogo wangu, hapo umenipinga au umenisaidia? Kilichokushika ni mtu anayekusubiri, video zilikushinda. Nitamwambia mshauri hivi: mazoezi yawe sauti za dakika tano kwenye WhatsApp, awaunganishe wawiliwawili, yeye mwenyewe awapigie mara moja kwa wiki, na mambo ya dawa amwachie daktari. Akikataa, mpwa wangu hajisajili.

Nesi Mstaafu: Ukipata ratiba yao nitumie niipitie kabla hajalipa.