Film noir kwenye projekta: tuanze na ipi, na mbona sura zote ni kiza?

Kadogo_Katuba

Jambo ba yaya wote. Tunatayarisha jioni nne za film noir za zamani (zile filamu za uhalifu za Hollywood, nyeusi na nyeupe, zenye vivuli vingi) kwa vijana wa mtaa, hapa Katuba, Lubumbashi. Vifaa ni projekta ya 250 W, spika ya 50 W, ukuta mweupe, na batri moja ya 12 V 100 Ah kwa sababu kurant (umeme) haina ahadi.

Kwanza: tuchague zipi kwa watu waliozoea filamu za ngumi? Pili: tukijaribu, nusu ya sura inamezwa na kiza, tukiongeza mwanga, picha yote inakuwa majivu. Tatu: VO (sauti asilia ya Kiingereza) ama VF (sauti iliyobadilishwa kwa Kifaransa)? Na kuna lawama moja ambayo sina jibu lake: wanasema Humphrey Bogart, nyota wa filamu hizi, hafanyi kitu, anasimama tu.

Mzee_wa_Persiene

Mdogo wangu, naanza na swali la pili, maana likikushinda hilo mengine hayana kazi.

Kile kiza kimepangwa. Kawaida ya Hollywood ilikuwa taa tatu kwa mtu mmoja: taa kuu, taa ya kulainisha vivuli, na taa ya nyuma ya kumtenga na ukuta. Kwenye noir ile ya pili inapunguzwa sana, au inazimwa kabisa. Upande mmoja wa uso unabaki bila mwanga, na filamu yenyewe haikurekodi kitu pale. Kwa hiyo ukiongeza Luminosité (mwangaza) hakuna sura inayorudi. Unapata majivu tu, kama ulivyoona.

Jambo la pili ni hili: projekta haiwezi kutupa weusi. Weusi unaouona ni ukuta ambao haukuangaziwa. Mlango ukiwa wazi, au mtu akishika simu mstari wa mbele, weusi wako umekwisha hata kama projekta ni ya bei kali. Ziba madirisha kwanza, ndipo uguse menyu.

Kwenye menyu weka Mode Cinéma, achana na Dynamique. Simamisha filamu kwenye picha ya mtu mwenye koti jeusi mbele ya ukuta wa kiza. Shusha Luminosité mpaka koti na ukuta viwe kitu kimoja, kisha panda taratibu mpaka ukosi wa koti uanze kuonekana. Hapo hapo uache. Contraste irekebishwe kwa shati jeupe: ukiona mikunjo ya shati imepotea, umezidisha.

Halafu Format. Filamu hizi zina picha karibu ya mraba, 1.37 kwa 1. Weka 4:3 na ukubali mistari myeusi pembeni. Ukiivuta ijaze 16:9, kila mtu ananenepa kwa theluthi moja. Ukiikuza badala ya kuivuta, unakata robo ya urefu wa picha, na kofia ndiyo inayoondoka kwanza. Kofia kwenye noir ni nusu ya mwigizaji! Ukuta unaopokea upana wa mita 2 kwa 16:9 utakupa picha ya mita 1.5 tu, na inatosha.

Faili nalo uliangalie. Filamu ya dakika 97 iliyobanwa kwenye MB 350 itajaa miraba inayotembea ndani ya vivuli, maana ukandamizaji unaanza kutupa sehemu za kiza. Tafuta ya GB 1.5 kwenda juu.

Tantine_Kamalondo

Kwa Bogart nitakujibu, mwanangu. Kwenye *The Maltese Falcon* (1941, kwa Kifaransa *Le Faucon maltais*) anamfokea yule mtu mnene, anatoka, anabamiza mlango. Kwenye korido anatabasamu: hasira ilikuwa ya kuigiza. Halafu anautazama mkono wake, na mkono unatetemeka. Hasemi neno. Simamisha hapo uwaulize vijana kama bado hafanyi kitu.

Huyo mnene, Sydney Greenstreet, ilikuwa filamu yake ya kwanza, akiwa na miaka 61. Kamera imewekwa chini ili tumbo lijaze picha.

Na kutulia kwao kuna sababu ya ufundi pia. Taa zikiwa chache na kali namna ile, mwigizaji anawekewa alama sakafuni. Akisogea shubiri moja, jicho linaingia kivulini na picha imeharibika. Kwa hiyo mwili unatulia, kazi inahamia kwenye jicho, sauti, sigara. Wafundishe kutazama vitu vidogo.

Ya kuanzia: *Double Indemnity* (1944) ya Billy Wilder, usiizunguke. Fred MacMurray alijulikana kwa filamu za kuchekesha, ndiyo maana anafaa: ni jirani mwema anayeoza mbele yako. Wakati wa mauaji ndani ya gari kamera haimwangalii anayeuawa, inabaki kwenye uso wa Barbara Stanwyck. Uso ule karibu hausogei, na hapo ndipo mgongo unasisimka. Wahesabishe pia viberiti. Edward G. Robinson kila mara hana kiberiti, na MacMurray anamwashia kwa kucha ya kidole gumba. Mwishoni nani anamwashia nani? Usiwaambie.

Kwenye filamu hiyo hiyo, lile vumbi linaloelea kwenye miale ya persiene (pazia la vibao vya mlalo dirishani) halikujileta: mkuu wa kamera, John F. Seitz, alirusha chembe za alumini hewani. Ukuta wako ukiwa na mwanga wa mlango, zile chembe hawataziona.

Waambie mapema kwamba muuaji anajitaja mwanzoni kabisa. Kanuni za maadili za studio, zilizobanwa tangu 1934, hazikuruhusu mhalifu ashinde, kwa hivyo swali halikuwa "nani?" bali "atateleza wapi?" Asiyeambiwa hilo atasema filamu imejiharibia utamu.

Ya pili, *Out of the Past* (1947). Robert Mitchum na zile kope zake za usingizi, na Jane Greer anayeingia kwenye kibaa cha Acapulco akitokea juani, nguo nyeupe, kofia nyeupe. Ya tatu, *The Big Heat* (1953) ya Fritz Lang, kwa wale wa ngumi. Kahawa ya moto inarushwa usoni mwa Gloria Grahame, lakini hauoni ikirushwa, na bado watu watapiga kelele. Yule mama ana sauti ya kitoto yenye chuma ndani. Kwangu mimi anawashinda wote.

*The Big Sleep* iache kwanza. Bogart na mwenzake Lauren Bacall ni asali, ila hadithi imefungamana hadi kifo cha dereva hakielezwi, na umati wa mara ya kwanza utakasirika.

VO_Peke_Yake

VF hapana. Nusu ya filamu hizi zinasimuliwa na sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa, na ukiibadilisha sauti hiyo umebadilisha mtu. Wewe weka VO na maandishi ya Kifaransa, rangi ya njano, ukingo mweusi. Maandishi meupe yanapotea kwenye mashati.

Tatizo litakuwa kupishana. Kopi za televisheni za Ufaransa zinakwenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, basi filamu ya dakika 107 inaisha kwenye 103 hivi. Maandishi ya kopi moja ukiyaweka juu ya nyingine yanaanza sawa, na mwishoni yamepishana dakika 4. Kwenye VLC (programu ya kuchezea video), vitufe G na H vinasogeza maandishi, lakini haviponyi pengo linalokua. Linganisha muda wa kopi na wa mstari wa mwisho wa maandishi kabla ya siku.

Majina ya kutafutia: *Double Indemnity* ni *Assurance sur la mort*. *The Big Heat* ni *Règlement de comptes*. *Out of the Past* ina mawili, *La Griffe du passé* na *Pendez-moi haut et court*, usije ukadhani ni filamu mbili. Jenasi yenyewe ilipata jina Paris mwaka 1946, kwa kalamu ya Nino Frank, kwa hiyo sisi wa Kifaransa hatujaazima neno kwa mtu.

Kadogo_Katuba

Aksanti sana. Batri itafika? Na tuanze saa ngapi?

Mzee_wa_Persiene

Hesabu. 12 V mara 100 Ah ni 1200 Wh. Batri ya risasi usiishushe chini ya nusu, baki na 600. Kifaa cha kugeuza 12 V kuwa 220 V kinakula kama 15%, zimebaki 510. Mzigo wako ni 300 W, basi dakika 102, na hiyo ni kwa batri mpya. *Out of the Past* (97) inapita kwa kubanana. *Double Indemnity* (107) haipiti.

Washa Mode Éco. Projekta ikishuka hadi 200 W, mzigo ni 250 W na unapata dakika 122. Picha itafifia kidogo; sogeza projekta karibu, picha iwe ndogo, mwanga unarudi.

Mwezi wa sita anza saa kumi na mbili na nusu jioni, kiza kimeshaingia. Mwezi wa kumi na mbili subiri saa moja, ila wakati huo mvua kwenye mabati itameza sauti yote. Spika iwe moja, chini ya picha katikati. Sauti za filamu hizi ni mono, yaani mkondo mmoja tu.

Jioni ya nne weka *Detour* (1945): dakika 68, haitishi batri. Kopi za bure zimechakaa, tafuta ile iliyosafishwa 2018. Kuna picha za barabarani zilizogeuzwa, madereva wakaonekana wamekaa kulia. Kwingine watazamaji hucheka. Lubumbashi, na magari yetu haya yenye usukani kulia, nani ataona?