Asidi fusariki kwenye miche ya okidi: mbona vipimo vya vimeng'enya vinayumba?

Mche_Chupani
Wakuu, naombeni msaada. Miche ya Phalaenopsis ya chupani, majani matatu hadi manne, iko kwenye MS nusu (midia ya Murashige na Skoog, chumvi nusu) yenye agari gramu 7 na mkaa amilifu gramu 2 kwa lita. Asidi fusariki (sumu ya kuvu wa Fusarium) ya 0.1 mM ilitiwa kabla ya autoklevu (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu). Siku ya 7 majani bado ni ya kijani sawa na yale yasiyopewa sumu. Peroksidesi (kimeng'enya cha kinga) inapanda chupa hii, inashuka ile, na malondialdehaidi (MDA, alama ya utando wa seli kuharibika) iko juu hata kwa miche isiyoguswa. Kosa liko kwenye dozi au kwenye upimaji?

Agari7
Mkuu, mshukiwa wa kwanza ni mkaa. Hunasa fenoli (kemikali za mmea), na asidi fusariki nayo hunaswa vivyo hivyo, kwa hiyo mizizi haikutani na hiyo 0.1 mM (takriban miligramu 17.9 kwa lita). Hamishia miche kwenye midia isiyo na mkaa wiki mbili kabla ya jaribio.

Sumu iyeyushe kwa ethanoli kidogo, ichuje kwa kichujio cha 0.22 µm, kisha uichanganye agari ikishapoa hadi nyuzi 50 hivi. Chupa za ulinganisho zipate ethanoli kiasi kilekile. Usisahau kwamba ni asidi: kama pH ya midia haikurudi 5.7, utakuwa unapima athari ya pH. Jaribu 0.02, 0.05, 0.1 na 0.2 mM, uchague dozi ambayo uvujaji wa ioni (dalili ya seli kuumia) umepanda waziwazi huku jani likiwa hai. Vimeng'enya vya jani lililokufa havikuambii lolote kuhusu kinga.

Bafa_Baridi
Kuhusu MDA: sukari na anthosianini (rangi nyekundu-zambarau ya mmea) huchafua rangi ya asidi ya thiobabituriki inayotumika kuipima, na miche hii imelelewa kwenye sukrosi. Osha agari yote, soma ufyonzaji wa mwanga kwenye 440, 532 na 600 nm, na kila sampuli iwe na tyubu ya pili isiyo na asidi hiyo ili uitoe kwenye hesabu.

Peroksidesi kuyumba mara nyingi ni fenoli. Ukisaga tu, zinaoksidika na kung'ang'ania protini. Kimiminika kikigeuka kahawia, umeshachelewa. Saga kwa nitrojeni kimiminika, tumia bafa ya fosfati 100 mM, pH 7.0, yenye EDTA 1 mM (hushika metali) na PVPP asilimia 2 (hunasa fenoli), kila kitu kwenye barafu. Ukipima askobeti peroksidesi, tia askobeti 1 mM humohumo, la sivyo kimeng'enya hicho hufa upesi.

Halafu saa. Phalaenopsis hutumia usanisinuru wa CAM (kufyonza kaboni dioksidi usiku): jani hulimbikiza asidi maliki usiku, na la alfajiri linaweza kuishusha pH ya bafa dhaifu. Vuna saa ileile kila siku.

Agari7
Naongeza: siku ya 7 peke yake haitoshi. Peroksidi ya hidrojeni huweza kupanda na kushuka mapema, kwa hiyo vuna pia saa ya 6, 24 na 72. Asidi fusariki hushika chuma na shaba, hivyo katalesi (kimeng'enya chenye chuma kinachovunja peroksidi hiyo) ikishuka, weka kundi lenye Fe-EDTA maradufu uone kama inarudi. Na tafadhali, kwenye takwimu hesabu chupa, si miche: miche mitano ya chupa moja ni rudio moja.