Mjadala: Mabaki ya mboga sokoni yagawiwe mabichi kwa wenye bustani za makopo?

Hoja iliyopo: mabaki ya masoko ya Mbeya, kama Mwanjelwa, yasiende dampo. Yatengwe pale pale, mwenye bustani ya ndoo au vyungu ajichukulie kiroba chake akaozeshe nyumbani.

Mdau wa Isyesye: Naunga mkono. Ndoo ya lita 20, toboa chini na ubavuni. Kipimo kimoja cha mabichi (kabichi, maganda ya ndizi) kwa viwili vya makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Fumbata konzi: maji yakichuruzika, ongeza makavu, la sivyo utafuga nzi. Miezi mitatu una mboji.

Mdau wa Uyole: Mkuu, miezi mitatu hiyo ni ya Kyela kwenye joto, si ya Uyole na baridi ya mwezi wa 6. Ndoo haishiki joto. Lundo la mita moja kila upande, likigeuzwa, ndilo linalofika nyuzi 55 na kuendelea, na hapo ndipo vimelea wengi na mbegu za magugu hufa. Kwenye ndoo vitu vinaoza tu. Sasa angalia sokoni kumejaa nini: viazi mviringo vilivyooza. Kata kimoja, kibinye. Ute mweupe ukitoka kwenye duara la ndani ya ganda, huo ni mnyauko bakteria. Mboji yake ukiipandia nyanya, hoho au biringanya, umepanda ugonjwa.

Mdau wa Kihesa, Iringa: Na makavu nayo mchague. Huku wengi wanajazia vumbi la mbao la Mafinga. Vijidudu vinavyolila hunyang'anya mche naitrojeni, majani yanageuka njano, mtu analaumu mbegu! Halafu msipande kwenye mboji tupu, hushuka na kuacha mizizi wazi. Mboji moja, udongo wa juu mbili, mchanga mmoja.

Isyesye: Basi viazi vitengwe. Kabichi ina kosa gani?

Uyole: Atatenga nani, saa kumi na mbili jioni, mchuuzi anawahi daladala? Halmashauri iweke lundo moja kubwa, ligeuzwe kila wiki, viazi vibovu visiingie kabisa, watu wapewe mboji iliyoiva. Kipimo cha kuiva: ikifungwa kwenye mfuko siku tatu isitoe harufu kali.

Kihesa: Wapewe, au wauziwe? Ikiwa na bei, mwenye ndoo tano atabaki na samadi ya jirani. Na mchuuzi ushuru ameshalipa.