Amplifaya za zamani zinazotengenezwa upya: tunauziwa sauti au tunauziwa sura?

RizimuNamba2

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana hili jambo nimezunguka nalo wiki ya pili sasa na bendini wameshaanza kunicheka. Mi napiga gitaa la rizimu, bendi yetu ndogo tu, Ijumaa na Jumamosi tupo ukumbini, siku zingine kila mtu na mishe zake. Kuna mzee mmoja Temeke alikua mwanamuziki wa dansi zamani, ana amplifaya ya gitaa, Vox AC30 ya enzi hizo, imekaa chumbani kwake miaka na miaka imefunikwa kanga na juu yake wamepanga mabegi ya nguo. Anataka kuiuza. Upande wa pili kuna jamaa yangu anarudi toka Uingereza mwezi ujao, anasema anaweza kuniletea AC30 mpya ya dukani, sura ileile, kile kitambaa cha kahawia chenye almasi almasi, nembo ileile ya dhahabu, ukiziweka pamoja kwenye picha huwezi kujua bibi ni nani na mjukuu ni nani.

Sasa swali langu sio ninunue ipi tu, ingawa na hilo mniambie. Nauliza hivi hii tabia ya kampuni kurudia kutoa mashine zao za zamani ni sawa kweli? Fender wameirudisha amplifaya yao ya Bassman ya 1959 tangu mwaka 1990, wakaja wakairudisha na Twin Reverb ya 1965, Marshall nao wameirudisha JCM800, Vox ndo kabisa, AC30 haiishi kuzaliwa upya. Wao hawana jipya la kubuni au sisi wapigaji ndo tunakataa vipya? Nawasilisha.

SoloKavu

Mkuu chukua ya mzee, fumba macho. Hizo za marudio ni kama pilau ya mahotelini, rangi ipo, harufu ipo, ukitia mdomoni bizari hakuna. Ile ya zamani imeungwa kwa mkono waya kwa waya, hizi za sasa ni bodi ya saketi ya kiwandani, mashine inabandika vipande kama inagonga mihuri. Na AC30 za kawaida siku hizi zinatengenezwa Asia, Vox yenyewe ni mali ya kampuni ya Korg ya Japani tangu 1992. Kampuni iliyotengeneza ile ya mzee, JMI wa kule Dartford, ilishakufa. Sasa anayerudia anarudia nini wakati mwenye mkono hayupo? Mi naona wangeacha tu, kitu kikiisha kimeisha.

BaridiNaGitaa

Nipo huku Uingereza miaka sasa, naomba nimpinge SoloKavu kidogo. Kaka, hilo neno orijino kwenye amplifaya litakupa presha bure. Angalia Marshall. Jim Marshall alikua mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, ana duka la vyombo Hanwell, London magharibi. Vijana wa gitaa wakawa wanamlalamikia kwamba amplifaya za Marekani bei haishikiki. Basi mwaka 1962 yeye na vijana wake wa dukani wakachukua Fender Bassman wakaifungua, wakaiga saketi yake karibu yote, wakatumia vifaa walivyovipata hukohuko, transfoma za kwao, spika za Celestion, valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) tofauti kidogo. Ikatoka amplifaya yao ya JTM45. Kwenye karatasi ni Bassman ileile, ukiiwasha inaongea kivingine kabisa. Kwa hiyo hiyo Marshall tunayoiabudu ilianza maisha kama kopi! Na hiyo Bassman yenyewe Fender aliitengeneza kwa ajili ya gitaa la besi, watu wa solo wakaivamia.

Sasa kama kopi ya mwaka 62 ilizaa sauti ambayo dunia nzima inaitafuta mpaka leo, kopi ya leo kosa lake ni nini? Mi kinachoniudhi sio kurudia. Kinachoniudhi ni kwamba wanakuuzia toleo la kawaida, af pembeni wanaweka toleo jingine la kuungwa kwa mkono bei inapanda vibaya mno, yaani wenyewe wanakiri kimyakimya kwamba lile la kwanza sio lile.

FundiMvita

Ndugu zangu salama? Mie ni fundi, nipo Mombasa, kazi hii nimeianza na redio za valvu za marehemu babu. Nyote mwasema kweli lakini mwazungumza kama wanunuzi, hebu tusikizeni na sie tunaozifungua.

Ile AC30 ya zamani ukiifungua ndani waona kila kitu. Rezista ile pale, kapasita ile pale, waya watoka hapa wenda kule, waufuata kwa kidole. Kitu kikiungua watoa kimoja watia kimoja, dakika kumi na risasi kidogo ya kuchomelea. Hii mpya waifungua wakuta bodi, na zipo amplifaya za sasa (sisemi ya kampuni gani) soketi za valvu zimechomelewa hapo hapo kwenye bodi. Valvu ya EL84 ikifanya kazi ina joto hata kuigusa huwezi, na AC30 inazo nne zimebanana. Joto lile kila siku laikausha bodi, njia za shaba zaanza kubanduka, halafu fundi aambiwa badilisha bodi nzima, agiza ng'ambo. Nimeletewa moja na kijana wa kanisani, kosa lilikuwa kijirezista cha thamani ya peremende, lakini kukifikia ilibidi ning'oe nobu zote za mbele, nati zote, niitoe bodi nzima kama nachuna samaki. Nilimtoza kazi ya siku mbili na hata yeye aliniona mwizi.

Hivyo jawabu langu mie, watoe tena, watoe sana, lakini wakirudisha sura warudishe na tumbo. Valvu ni hizohizo, na viwanda vyake duniani vimebaki vya kuhesabu, Saratov kule Urusi, JJ wa Slovakia, na Uchina. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022 valvu ziliadimika na bei ikaruka, hapo ndipo nilipotambua kuwa hivi viwanda vyaishi kwa sababu wapiga gitaa bado wanunua. Kampuni zikiacha kutoa amplifaya za valvu mpya, hata hiyo ya mzee wa Temeke itakosa dawa.

Halafu musidanganywe kuwa mpya ni ileile. AC30 ya zamani kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa mkondo mmoja ni valvu ya GZ34, ukichapa nyuzi kwa nguvu umeme walegea kidogo halafu warudi, sauti yajikunja. Mpya za kawaida mahali pake wametia dayodi, kijidude kidogo kisicho valvu, umeme umekaza kama kamba ya jahazi. Si mbaya, lakini si ileile. Na ya zamani haina masta voliumu, ile nobu ya kushusha sauti ya mwisho, ukitaka ile sauti ya kukwaruza wafungua mpaka jirani ahame.

KindaLaBesi

Mnapigana bure wakuu. Amplifaya ya Roland JC-120 ipo sokoni tangu 1975 na hawajawahi kuacha kuitengeneza. Haina valvu, haina historia ya huzuni, spika mbili, koras yake tamu, unachomeka unapiga sebene mpaka asubuhi. Hawana haja ya kurudia kitu ambacho hawakukiacha 😂

SoloKavu

KindaLaBesi nyie watu wa besi mkae kimya kwanza. JC-120 ni nzuri kwa sauti safi, hilo sikatai, mi mwenyewe nimeitumia ukumbini. Ila ukiweka ukwaruzo wake ni kama nyuki wamefungiwa kwenye kopo.

Fundi hapo kwenye tumbo nimekuelewa na nalegeza msimamo nusu. Nusu tu.

BaridiNaGitaa

Ongezea na hili. Fender walipotoa Twin Reverb ya Tone Master 2019 watu walitukana humu mitandaoni. Sura ni Twin ya 65, ndani hakuna hata valvu moja, ni kompyuta inayoigiza. Lakini ina kilo 15 hivi wakati ile ya valvu inakaribia 30. Mi na mgongo wangu huu, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, nimeipiga kwa rafiki yangu na ukinifunga kitambaa machoni katikati ya bendi sijui kama ningejua. Nikiwa peke yangu chumbani ningejua. Sasa tunapiga chumbani au tunapiga na bendi?

RizimuNamba2

Wakuu asanteni sana. Basi jana nikafunga safari mpaka kwa mzee. Nikaomba niigeuze nyuma, mzee akaniletea bisibisi mwenyewe. Ndani vumbi kama unga, mende wawili marehemu, valvu moja kioo kimekua cheupe juu. Spika zote mbili zipo ila moja karatasi yake imechanika pembeni, mtu aliwahi kubandika na plasta ya kidonda. Mzee akakaa kitandani akaniambia mara ya mwisho kuiwasha wajukuu zake walikua hawajazaliwa. Nilitaka kuichomeka ukutani hapohapo nisikie, mzee nae akawa ameshashika plagi, kidogo tu simu ikaita tukaahirisha.

FundiMvita

Hiyo simu aliyekupigia mnunulie soda! Kwanza, ile valvu iliyokuwa nyeupe imeingia hewa, imekufa hiyo. Pili, kapasita kubwa zilizokaa miaka hiyo yote zimekauka, ukizipa umeme wote ghafla zaweza kupasuka na kuunguza transfoma, na transfoma ndiyo roho ya kitu, hiyo huipati dukani. Tatu, tazama nyuma pana kitufe cha kuchagua volti, nimewahi kukuta kimewekwa namba ya chini wakati umeme wa ukutani wapiga 240, nilipima pini za hita, kile kiwaya cha kuipasha valvu moto, nikapata karibu volti 7 badala ya 6.3, valvu zaliwa taratibu na mwenyewe hajui.

Mwambie fundi wa huko abadilishe kapasita kwanza, halafu auingize umeme pole pole, na taa ya balbu ya waya iwekwe njiani. Na wewe usitie mkono ndani hata kama imechomolewa, kapasita nzima huweka umeme ndani yake baada ya kuzimwa, mamia ya volti. Sie tukipima huwa tunatia mkono mmoja mfukoni.

Mzee ataka ngapi?

RizimuNamba2

Hajataja bei. Kasema nije kwanza Jumapili na gitaa, anataka asikie napiga nini.