Tuna mgahawa wa kahawa Sengerema, tunakaanga wenyewe. Tununue mashine au tuachane na kukaanga?

Mama Buni

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kushika biashara ya kahawa kwenye miji midogo.

Sisi ni kikundi cha kina mama, tuna mgahawa wa kahawa hapa Sengerema mjini. Tulianza kwa sababu mtu akitaka kukaa na mwenzake bila chupa ya bia mezani, hapa hakuwa na pa kwenda. Vijiwe vya kahawa vipo, ila ni vya wanaume. Mwanamke akikaa kwenye lile benchi lazima atokee wa kuuliza huyu ni mke wa nani. Kwetu wanakuja walimu, wauguzi, madereva wa magari ya Geita, vikao vya harusi, na jioni wanafunzi wenye madaftari yao. Upande huo sina malalamiko.

Kahawa tunakaanga nyuma ya jengo, kwenye pipa la kuzungusha kwa mkono alilotuchomelea fundi wa hapa, chini mkaa. Tunatumia robusta ya Karagwe na arabika kidogo ya Tarime. Harufu peke yake inavuta watu kutoka stendi. Shida ni kwamba ladha haitulii. Leo tamu, keshokutwa chungu kama mwarobaini, siku nyingine punje nje zimeungua na ndani bado. Halafu jirani analalamikia moshi.

Sasa kuna mtu Mwanza anauza mashine ya gesi iliyotumika, inakaanga kilo 5 kwa mkupuo. Bei yake inafuta akiba yote ya kikundi. Kina mama wamegawanyika, wengine wanataka tuinunue, wengine wanasema tuache kukaanga, tuagize iliyokaangwa tayari. Kikombe chetu ni 1,000, kijiweni ni 200. Siku ya kawaida tunauza vikombe kama 40, siku ya gulio vinafika 60. Nawasilisha.

Ng'wana Busisi

Mwangaluka mama. Huku Usukumani watu ni chai ya maziwa, mnajitesa na mapipa ya nini? Uzeni chai na chapati, kahawa iwe ya wageni.

Mama Buni

Chai tunauza kaka, na chapati zipo, karibu. Ila chai na chapati kila mlango hapa mjini anauza.

Mhasibu Mstaafu

Kabla ya kubishana, tupige hesabu. Kipimo cha kawaida ni gramu 60 hivi za kahawa kwa lita moja ya maji. Kwa vikombe vya mililita 150, kilo moja iliyokaangwa inatoa vikombe karibu 95, maana unga nao unabaki na maji yake. Vikombe 40 kwa siku ni chini ya nusu kilo. Wiki nzima, na gulio ndani yake, mnamaliza kilo tatu na kidogo.

Mashine ya kilo 5 mtaiwasha mara moja kwa wiki, robo saa, basi. Siku zote zilizobaki inakula vumbi huku akiba yenu imelala ndani yake. Kwa vikombe hivyo pekee, mimi sinunui.

Jingine ambalo watu hulisahau: buni, yaani kahawa mbichi, ikikaangwa inapoteza asilimia 15 hadi 20 ya uzito. Kilo 5 za mbichi zinatoka kilo 4 na kitu. Kama gharama ya kikombe mnaipiga kwa bei ya kilo ya buni, faida mnayoiona daftarini mezani haipo. Na bei ya robusta tangu ilivyopaa mwaka 2024 si ya kufanyia makadirio ya kichwani.

Mkaangaji wa Tarime

Mhasibu kamaliza upande wa fedha, mimi niseme la pipa. Mama, pipa lenu halina kosa. Mashine hiyo ya gesi nayo ni pipa linalozunguka juu ya moto. Tofauti ni kwamba yenyewe inazunguka kwa mwendo mmoja, moto wake unapimika, na ina sinia la kupozea lenye feni. Vyote vitatu fundi wenu anaweza kuviongeza.

Kwanza mzunguko. Mkono ukichoka pipa linapunguza mwendo na punje za chini zinaungua, ndiyo hiyo nje nyeusi ndani mbichi. Tafuteni mota ya waipa ya gari kwa wauza vipuri, na betri. Inazunguka kama mara 50 kwa dakika, ndiyo inayotakiwa, na umeme ukikatika haikuhusu.

Pili, kama mnachanganya robusta na arabika ndipo mnakaanga, tenganisheni. Haziivi pamoja. Robusta ipewe moto wa taratibu zaidi mwanzoni. Kila moja ikaangwe peke yake, mchanganye baada ya kupoa. Nadhani nusu ya kuyumba kwa ladha yenu iko hapo.

Tatu, masikio. Kahawa ikikaribia nyuzijoto 200 inaanza kupasuka, mlio kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Kabla yake bado ni mbichi, ina ladha ya majani. Ukishatulia, kuanzia hapo hadi mlio wa pili, ambao ni mdogo na wa harakaharaka, ndipo mnapochagua ladha yenu. Wateja waliozoea kahawa chungu ya kijiweni watapenda iliyokaribia mlio wa pili. Mkipita hapo mnauza mkaa. Mkupuo mzima uchukue dakika 10 hadi 15. Ukikimbia dakika 6, moto ni mkali. Ukifika 25, hamkaangi, mnaoka, na kahawa inapooza.

Kisha imwageni kwenye chekeche pana juu ya feni, ipoe ndani ya dakika chache. Ikiachwa kwenye pipa la moto inaendelea kuiva yenyewe. Yale maganda membamba yanayopeperuka yafagieni kila mara, msiyaache yarundikane karibu na mkaa, yanashika moto upesi sana.

Kila mkupuo uandikwe: uzito ulioingia, dakika ya mlio wa kwanza, dakika ya kutoa, uzito uliotoka. Bila daftari hata mashine ya Ulaya itayumba. Hela mliyotaka kununulia mashine, kateni kipande kidogo mnunue kinu kizuri cha kusagia. Unga usiolingana unaharibu kahawa iliyokaangwa vizuri, maana ule laini unatoa uchungu wakati ule mkubwa haujatoa kitu.

Mzee wa Drafti

Na wale wanafunzi wanaoshika meza saa nne kwa kikombe kimoja hamjawasema. Au hao ndio wenye mgahawa?

Mama Buni

Mzee, hao hatuwafukuzi. Kiti kilichokaliwa kinaita mtu mwingine. Ikifika saa ya vikao wanahamia mabenchi ya nje wenyewe.

Mkaangaji, asante sana. Mota ya waipa haikuwahi kutupitia akilini. Na kweli tunachanganya kabla ya kukaanga.

Dele la Kirumba

Mimi natembeza kahawa Mwanza, dele, yaani birika la kahawa, mkononi na vikombe kwenye ndoo, nimelea watoto kwa kazi hii. Nimesoma uzi wote, naona mnahesabu vikombe vya mezani tu. Sisi wa dele je?

Mtu mmoja wa dele akifanya kazi vizuri anaweza kumaliza kahawa nyingi kuliko mgahawa wenu. Sisi tunachemsha nzito, na kikombe ni kidogo lakini mtu anarudia mara tatu. Wengi hatukaangi, tunanunua ya unga sokoni, na ya sokoni ni bahati nasibu. Nimeshawahi kuuziwa iliyochanganywa na mahindi yaliyochomwa. Povu linakuwa jingine, wazee kijiweni wanaligundua kwenye funda la kwanza, aibu inakuwa yako.

Hapo Sengerema hawakosekani wauza kahawa. Nendeni mkawaulize wananunua wapi, kiasi gani kwa wiki, bei gani. Mkiwakaangia robusta safi, nyeusi kidogo, mkaisaga wakiona, kila wiki iwe ileile, wanahamia kwenu. Msiwaone wapinzani, mteja wa 200 hakuwa wa kwenu tangu mwanzo. Wakifika kumi, hesabu za Mhasibu zinabadilika.

Mhasibu Mstaafu

Zinabadilika kweli. Mkifika kilo 25 kwa wiki, turudi kwenye mashine.

Nshomile wa Muleba

Mimi nizungumzie buni yenyewe, maana huku kwetu Kagera ndiko inakotoka. Muwe macho na atakayewaletea ya bei nafuu kutoka shambani. Butura, yaani kumnunulia mkulima kahawa ikiwa bado mtini, imepigwa marufuku, na anayeuza kwa mlango wa nyuma mara nyingi kaipata hivyo. Kahawa ya mkulima inapita kwenye chama cha msingi cha ushirika na mnada. Nunueni kwa mwenye karatasi, msafirishe na karatasi zake.

Ulizeni pia kama ni maganda au safi. Maganda ni tunda lililokaushwa zima, likikobolewa linabaki karibu nusu ya uzito. Wapo wanaonunua maganda kwa furaha ya bei, wakifika kwenye kinu wanalia. Nyie chukueni safi, iliyochambuliwa. Unyevu wake usizidi asilimia 12. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, maana masika ya ukanda wa ziwa yanarudisha unyevu ndani ya gunia na ukungu hauchelewi.

Na wekeni kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna pale mnapopokelea hela. Mhaya akipita njia ya Biharamulo akaikuta hiyo, atashuka kila safari.

Leseni Kwanza

Kukaanga kwa ajili ya vikombe vyenu na kuuza kilo kwa watu wengine ni vitu viwili. Mkianza kuwauzia wa dele, na hasa mkifunga kwenye pakiti, Bodi ya Kahawa ina leseni yake kwa wakaangaji, chini ya Sheria ya Tasnia ya Kahawa ya mwaka 2001. Majengo ya chakula tangu 2019 yako TBS (Shirika la Viwango), si TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) tena. Pitieni SIDO (shirika la viwanda vidogo) Mwanza kwanza, wajasiriamali wadogo wanasaidiwa kuelekea alama ya ubora. Na kama wote ni wanawake, ulizeni halmashauri kuhusu mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake kabla hamjagusa akiba.

Ng'wana Busisi

Jirani wa moshi mmemsahau. Pandisheni dohani ipite paa lake, na muulize siku anazoanika nguo.

Mama Buni

Ahsanteni wote. Tumekaa jana na kina mama, mashine ya Mwanza tumeiacha. Mota na dohani fundi kakubali kufanya pamoja. Wauza dele wawili wa stendi tumeshaongea nao, mmoja anataka kilo mbili za kujaribu. Kaka wa Kirumba, hizo nimpe bure au nimtoze?

Dele la Kirumba

Mtoze. Cha bure atawagawia jamaa zake na hutajua kama kijiwe kimeipenda. Mpe kwa bei ya sokoni ileile, kisha wiki ijayo nenda wewe mwenyewe ukakae kwenye lile benchi uwasikie wazee wanasemaje.

Mama Buni

Benchi lile lile la kuulizwa mke wa nani?

Dele la Kirumba

Waambie ndiye mwenye kahawa.