Prinsipo ananidhalilisha mbele ya wanafunzi, nifanyeje walimu wenzangu?

Mwalimu wa Kemia: Habarini walimu. Nafundisha sekondari moja huku Kakamega, nimeajiriwa na TSC, ile tume ya kuajiri walimu wa serikali hapa Kenya. Shida ilianza pale niliuliza kwa mkutano wa stafu pesa za masomo ya ziada zinagawanywa aje. Tangu siku hiyo nikichelewa kidogo naandikiwa barua ya kujieleza, wenzangu tumeingia nao geti pamoja hawaulizwi, na juzi akanifokea paredi mbele ya watoto wote eti mimi ni mzigo kwa shule, halafu hapo hapo unatakiwa uingie Fomu Tatu ufundishe moli na vile wanakuangalia. TPAD yangu, yaani alama za tathmini ya kazi ya mwalimu, imeshushwa na hakuna mtu aliingia darasani kunitazama nikifundisha. Jumapili jioni tumbo linaanza kuuma. Naogopa nikienda kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo atampigia tu simu. Mlio na uzoefu nisaidieni.

Nyar Kisumu: Pole sana mwalimu, hiyo ya paredi imeniuma. Jibu kila barua kwa maandishi, ndani ya siku ulizopewa, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ukinyamaza, faili inabaki na maneno ya upande mmoja na hiyo faili ndiyo itasomwa siku ukiitwa. Uwe pia na daftari nyumbani: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo.

Mzee wa Chaki: Nimekuwa deputi Bungoma miaka mingi. Prinsipo peke yake hawezi kukufuta, mwajiri wako ni TSC. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41 inasema kabla ya kufutwa kwa utovu wa nidhamu lazima usikizwe, na unaweza kuja na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama. Kifungu cha 46 kinasema kulalamika si sababu ya kufutwa, labda lalamiko liwe halina msingi. Hiyo TPAD omba sababu kwa maandishi, Katiba kifungu cha 47 iko nyuma yako. Na kwa mkurugenzi usiende na mdomo tu, peleka barua, nakala kwa tawi lako la KUPPET, chama chetu cha walimu wa sekondari. Akipiga simu apige, barua imeshaingia.

Kijana wa Vihiga: Mimi naona aombe uhamisho aende. Hata akishinda bado watakutana stafurumu kila asubuhi, afya yake je?

Mzee wa Chaki: Aombe, sikatai. Lakini ajibu barua kwanza, hiyo faili itamfuata hadi shule mpya.

Teacha BOM: Na sisi tulioajiriwa na bodi ya shule (BOM), si TSC? Mwajiri ni bodi na prinsipo ndiye katibu wake.

Mzee wa Chaki: Andikia mwenyekiti wa bodi. Asipojibu nenda ofisi ya leba ya kaunti, Sheria ya Ajira ni yenu pia.

Mwalimu wa Kemia: Asanteni sana, nimelia nikisoma. Barua ya mwisho nimepewa hadi Ijumaa, naandika jibu leo usiku. Nyar Kisumu, karani akikataa kupiga muhuri?

Nyar Kisumu: Andika saa aliyokataa, tuma jibu kwa imeili ya shule, na nakala upelekee KUPPET siku hiyo hiyo. Mwenye aliona ukifokewa paredi pia muulize kama atakubali kuandika, usimlazimishe.